Mlingoti wa Hasi Mita 75

Nianze kwa kusahihisha, maana ndiyo kazi niliyolipwa kwa miaka 34. Ile sauti ya dakika nne inayotembea kwenye magrupu ya walimu tangu Ijumaa jioni, ile inayoanza na mtu anacheka mpaka anakohoa, imerekodiwa na rafiki yangu kipenzi, mwalimu wa Fizikia, ambaye humu nitamwita Volti. Sauti hiyo ina makosa matatu. La kwanza: sikulia. Lile lilikuwa jasho. Bwalo letu ni bati tupu, halina dari, na joto la Machi hii unaweza kukaangia dagaa. La pili: si mimi niliyesema bendera ichimbuliwe. Aliyesema ni mtu mwingine na nitamfikia. La tatu, na hili ndilo limeniuma kuliko yote: mlingoti wa bendera ya shule nilioupima mbele ya wageni haukuwa hasi mita mia. Ulikuwa hasi mita 75.26. Volti, kama unanichafua, nichafue kwa desimali sahihi, wewe ni mtu wa sayansi.

Jana shemeji yangu kapiga simu kutoka Mtwara. Hakusalimia. Kasema tu, "Shem, pole na mlingoti." Nikaona bora niseme mwenyewe kabla habari haijavuka Ruvuma.

Mnaonifuata humu mnanijua. Hisabati, Hisabati, halafu malalamiko kidogo ya bei ya mafuta. Nimeshika chaki tangu 1991. Nimechapa mitihani kwa stensili, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono inayokuachia wino mpaka masikioni, ukirudi nyumbani mke anadhani umetoka gereji. Kikokotoo changu cha kwanza kilikuwa Casio fx-82. Nilikinunua Kariakoo kwa mshahara wa mwezi wa pili, nikala ugali na mchicha hadi mwisho wa mwezi, na kila asubuhi nilikiweka mfuko wa shati kionekane. MODE 4, digrii, yaani DEG. MODE 5, radiani, yaani RAD. MODE 6, ile GRAD ambayo sijawahi kukutana na binadamu anayeitumia. Namba hizo nazikumbuka kuliko namba ya simu ya mke wangu. Shikeni hapo hapo, tutarudi.

Kwa mliokimbilia Historia mapema: pembe ni kama umbali, unaweza kuupima kwa kilomita au kwa maili. Pembe mraba ni digrii 90. Ukiipima kwa GRAD ni 100. Ukiipima kwa radiani ni nusu ya pai, yaani 1.57 hivi. Sasa ukiiandikia mashine "30" bila kuiambia 30 za nini, ni sawa na kumtuma mtoto dukani "kalete mbili". Ataleta mbili kweli. Mbili za nini, utajua mwenyewe akirudi.

Somo hilo, ndugu zangu, ndilo lililonipa jina. Mwaka 2004 niliitwa Morogoro kwenye warsha ya kupitia muhtasari, ile safari ya kuelekea mtaala wa 2005, tulipoambiwa sasa tunajenga umahiri, mambo ya kukaririsha basi. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, nilisimama nikatoa hotuba dhidi ya majedwali. Nikasema kile kijitabu cha logi na tanjenti tukizike kwa heshima zote, tukisomee dua na sala, na watoto waruhusiwe vikokotoo. Waliokuwepo wanadai nilipiga meza. Sikumbuki. Majedwali hayakuzikwa, mpaka leo mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne unaruhusu majedwali ya NECTA, Baraza la Mitihani, na kikokotoo kinabaki nje ya mlango. Lakini mimi nikawa "yule mzee wa teknolojia". Ikija semina, naitwa. Vilipokuja vishikwambi vya sensa, vile vilivyotuhesabu Agosti 2022 tukapatikana watu 61,741,120 halafu vikagawiwa walimu, nani aliitwa kuwaonyesha wenzake pa kuwashia? Mimi. Na kila semina nilianza kwa kibwagizo changu. Mimi nasema "DEG!" ukumbi mzima unajibu "Kwanza!" Mara tatu, kama mkutano wa hadhara. "DEG!" "Kwanza!" Wilaya hii haina mwalimu wa Hisabati ambaye hajawahi kuitikia.

Volti naye aliwahi kuhudhuria. Kumbukeni hilo pia.

Ijumaa ilikuwa tarehe 14 Machi, Siku ya Pai. UNESCO waliitangaza mwaka 2019 kuwa siku ya Hisabati duniani, kwa sababu kuna watu wanaandika mwezi kabla ya tarehe, 3/14, ikawa 3.14. Sisi tunaanza na tarehe, kwa hiyo kwa mtindo wetu pai ingekuwa 14.3, lakini usilete ubishi kwenye sherehe ya watu. Mkuu wa shule akasema safari hii tuifanye kwa kishindo, tualike wageni, na wewe Mzee ndiye utatoa somo la mfano kwa Kidato cha Nne, maana umebakiza mwaka na kidogo ustaafu, watu wakuone. Wameniona.

Jambo moja dogo: mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimegongana. Nusu ya wageni wamefunga huku, nusu wamefunga kule. Soda zikapangwa mezani zikabaki kama mapambo. Siku nyingine yoyote mgeni angekuwa na sambusa mkononi, akili iko kwenye sambusa, mwalimu anakosea na kujirekebisha bila mtu kujua. Ijumaa hawakuwa na cha kufanya isipokuwa kunitazama mimi.

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka wilayani, mtu mzito, gari lenye kibendera. Aliposhuka alinifuata mimi kabla hata ya Mkuu. "Shikamoo Mwalimu." Nikaitika. "Umenisahau." Nikasema, "Nitakusahauje, Mheshimiwa!" Sikumkumbuka hata kidogo. Mwalimu yeyote mwenye miaka yangu atakuambia hilo ndilo jibu, na kwa kawaida linatosha.

Somo lilianza vizuri mno, na ndicho kinachoniuma. Niliwatoa nje wanafunzi wawili na klinomita tuliyoitengeneza wenyewe: kipimapembe, uzi, na nati ya baiskeli inayoning'inia. Wakapima umbali kutoka kwenye mlingoti wa bendera kwa futikamba, mita 12 kamili. Mmoja akaangalia ncha ya mlingoti, mwenzake akasoma uzi: digrii 30. Nzuri kabisa, haina hata nusu. Macho ya aliyepima yako mita 1.6 kutoka chini. Basi, urefu ni 12 mara tanjenti ya 30, ongeza 1.6. Hata Volti anaiweza.

Tukarudi bwaloni. Projekta ya kuazima, ukuta umepakwa chokaa jana yake, laptopu yangu mwenyewe mezani. Nikatangaza, kwa sauti ya mtu anayefungua daraja, "Na sasa, mabibi na mabwana, kikokotoo!" Walimu wa nyuma wakaguna. Nilisahau kwamba siku hizi neno hilo ukilitaja mbele ya watumishi wanakumbuka kanuni ya mafao ya kustaafu, nayo inaitwa kikokotoo, ile asilimia 33 ya 2022 iliyopandishwa kuwa 40. Mmoja akasema, "Hicho kimeshatuonyesha." Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilikuwa bado na uwezo wa kucheka.

Hapa tuende polepole.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa nyumbani na mwanangu, yuko Kidato cha Sita. Anabishana nami kwamba ukitafuta diferensiali ya sin unapata cos, basi, habari imeisha. Namwambia inakuwa hivyo kwa radiani tu. Weka digrii uone inavyokugeuka. Tukafungua kikokotoo cha kwenye laptopu, nikaibadilisha iwe RAD, nikamthibitishia, akanyamaza, nikalala usingizi wa mshindi. Sikuifunga programu. Nilifunga kifuniko. Kwa hiyo Ijumaa saa tano asubuhi nilipofungua kifuniko mbele ya wageni 40 na wanafunzi 120, kikokotoo kiliamka pale pale kilipolala.

Miwani yangu ya kusomea ilikuwa kwenye koti. Koti lilikuwa kwenye kiti. Kiti alikuwa amekalia diwani.

Na kuna jambo lingine. Tangu mwaka 2005 nafundisha walimu kwamba mwalimu mahiri hawapi wanafunzi mgongo. Kwa hiyo niliupa ukuta mgongo. Ukutani, nyuma ya kichwa changu, herufi RAD zilikuwa zimetokea kubwa kama ng'ombe watatu wamesimama mstari, na mtu pekee ndani ya bwalo ambaye hakuweza kuziona ni yule aliyezunguka mkoa mzima akiimbisha watu "DEG! Kwanza!"

Nikaandika 30. Nikabofya tan. Nikasema, "Darasa, nisomeeni jibu."

(Nawawekea kwa Kiswahili. Darasani ilikuwa kile Kiingereza chetu cha sekondari, ambacho kinafanya aibu iwe ndefu zaidi.)

"Hasi sita nukta nne sifuri tano..."

Nilisikia "hasi". Nataka muamini kwamba nilisikia. Lakini ubongo wa mzee anayeonyesha ujuzi hauchukui kila unachopewa. Ukaniambia hawa watoto wamechangamka tu. Nikasema, "Taratibu, someni vizuri." Wakasoma tena, safari hii pole pole na kwa huruma, kama unavyomsomea bibi barua yenye msiba. "Hasi. Sita. Nukta. Nne. Sifuri. Tano." Nikasema, "Safi! Zidisha kwa 12." Jamani, nikasema safi. Nikabofya bila kuangalia, vidole vyangu vinajua njia. Nikajumlisha 1.6. Nikabonyeza alama ya sawasawa kwa kidole kilichoinuliwa juu kwanza kisha kikashuka, kama mpiga kinanda wa kwaya.

Mkono wangu wa kulia nikaunyoosha dirishani. Dirisha la bwalo linatazama mlingoti moja kwa moja, na bendera ya taifa ilikuwa juu kabisa, ina upepo, inapepea kama ya kwenye picha. Nikasema, "Kwa hiyo, Mheshimiwa mgeni rasmi, bila kupanda ngazi, bila kamba, bila jedwali lolote la kale, tumejua kwamba urefu wa mlingoti ule pale ni..."

Hapo nikageuka ukutani.

Hasi sabini na tano nukta mbili sita. Kwenye chokaa mpya. Alama ya kutoa peke yake ilikuwa ndefu kama ubao wa kitanda.

Sijui mmewahi kusikia watu 160 wakiwa kimya na soda zao hazijafunguliwa. Nilisikia feni ya projekta. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini jikoni, kule mbali. Nikatazama bendera dirishani. Iko juu. Nikatazama ukuta. Iko chini. Nikatazama tena bendera, kama vile ingeweza kunisaidia kwa kushuka.

Mtu mwenye busara angesema, "Nimekosea." Ni neno moja tu. Mimi nikasema, "Kama mnavyojua, katika Hisabati hasi ni mwelekeo."

Naomba msinihukumu. Lilitoka lenyewe. Nikaendelea, "Inategemea sifuri tumeiweka wapi." Mzee mmoja mjumbe wa bodi ya shule, mkulima wa machungwa, mtu wa maswali mafupi, akauliza, "Mwelekeo wa kwenda wapi, Mwalimu?" Nikasema, "Wa kwenda chini." Akauliza, "Chini ya ardhi?" Nikasema, "Kwa mwelekeo huo... ndiyo." Akafikiri. Akasema, "Mita 75." Nikasema, "Na nukta mbili sita." Akawageukia wajumbe wenzake: "Sisi kisima tumechimba mita 60 tukakosa maji. Hii bendera itakuwa imeshayafikia. Ichimbuliwe, tufuate bomba hilo hilo."

Huyo ndiye aliyesema. Volti, futa sauti yako.

Bwalo likalipuka. Wanafunzi wanapiga meza, wale wa nyuma wanasimama kuona sura yangu. Mkuu wa shule ameinama anatafuta kitu chini ya meza ambacho mpaka leo hajakipata. Ndipo kutoka mstari wa walimu, taratibu, sauti ninayoifahamu kwa miaka 19 ikasema:

"DEG..."

Na walimu wote wa Hisabati wa wilaya, ambao niliwafundisha mwenyewe, kwa pamoja, kama kwenye ibada:

"...kwanza."

Mngedhani hapo ndipo chini kabisa. Hata mimi nilidhani.

Mgeni rasmi alikuwa hajacheka. Alikuwa ameweka kidevu mkononi ananitazama kwa upole. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake kwa ajili ya hotuba, kimewashwa. Akasema, polepole, "Mwalimu. Umewahi kuona mlingoti wenye urefu hasi?" Akanyamaza kidogo. "Fikiri."

Walionipitia darasani wameshaelewa. Kwa wengine: kalamu yangu nyekundu ilikuwa na maneno yake, na neno la mwisho siku zote ni FIKIRI lenye alama tatu za mshangao. Na pale pale nikamkumbuka huyu mama, mzima mzima, na dawati lake la pili kutoka mlangoni. Mwaka 1999, Kidato cha Pili, swali la ngazi. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, imefika urefu gani? Kwa Pythagoras unapata 25 toa 9, ni 16, kipeuo chake ni 4 au hasi 4. Yeye akachagua hasi 4. Nikampa sifuri, nikamwandikia, UMEWAHI KUONA UKUTA WENYE UREFU HASI? FIKIRI!!! Halafu nikalisoma darasa zima lisikie, wakacheka. Miaka 26 amelitunza. Hakulikunja, hakulikwaruza, kalirudisha kama lilivyo, ila alama za mshangao kaniachia.

Wakati huo kulikuwa na mkono juu. Si wa Kidato cha Nne. Pembeni ya ukuta kulikuwa na binti wa Kidato cha Tatu ambaye hakuwa hata sehemu ya somo. Kazi yake ilikuwa kushika kebo, maana soketi ya bwalo inacheza na plagi ikiachiwa inachomoka. Mkono mmoja kebo, mkono mmoja juu. "Mwalimu, samahani. Iko RAD." Wao ndiyo kwanza wako kwenye mada ya Duara, radiani bado ni mbichi kichwani.

Nikasema, "Asante mwanangu, nilikuwa nasubiri nani ataona." Msicheke. Kila mwalimu amewahi kuitumia, na Mkuu, Mungu ambariki, akatikisa kichwa kama vile tulipanga. Nikainama kwenye laptopu, nikakitafuta kile kitufe kwa macho makavu, nikakibofya mara moja. Nikaona herufi zimebadilika. Pale zilipo RAD pakawa na kitu kingine, chenye G na D ndani yake. Ikanitosha. Nikaandika 30 upya, tan, mara 12, ongeza 1.6.

7.71.

Chanya! Iko juu ya ardhi! Nikainua mikono. "Mmeona? Mita 7.71! Sasa hiyo ndiyo nguvu ya teknolojia, wanangu: mashine haikosei, binadamu ndiye anayepaswa kuiuliza vizuri." Mkuu akaruka na makofi, pa-pa-pa, pa-pa-pa, wageni wakafuata, yule mzee wa machungwa akaonekana amesikitika kidogo kukosa kisima. Nikanywa maji. Nilifikia hatua ya kupiga magoti kidogo kumshukuru mgeni rasmi. Moyo umerudi mahali pake.

Yule binti akainua mkono tena.

Nilimwona. Nikajifanya simwoni. Nikatazama upande wa pili. Akabadilisha mikono, kebo akaihamishia kushoto, wa kulia juu, juu zaidi. Mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti, "Mwalimu, kuna mtoto anakuita."

"Mwalimu, samahani tena. Sasa iko GRAD."

Kile kitufe kinazunguka: DEG, RAD, GRAD, kisha kinarudi DEG. Ulikuwa unahitaji mara mbili. Nimelifundisha hilo kwa slaidi yake yenye mshale mwekundu. MODE 6, ile ambayo sijawahi kukutana na binadamu anayeitumia: nimekutana naye, alikuwa amevaa shati langu. Thelathini za GRAD ni digrii 27, ndiyo maana mlingoti ulipungua karibu mita nzima. Kosa baya kuliko la kwanza, kwa sababu hasi 75 hata ng'ombe anaona ni upuuzi, lakini 7.71 linapita, linapigiwa makofi, linaingia kwenye ripoti.

Nikiwa bado nimeinama sijui ninyooke kwa sura ipi, mlinzi wetu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake muda wote, akakohoa. "Wakubwa, samahani. Ule mlingoti niliusimamisha mimi na fundi. Bomba moja la futi 20, na kipande cha futi 10. Futi mbili zimo kwenye zege. Juu zimebaki 28." Kisha akaongeza, kwa heshima zote, "Mngeniuliza."

Na mvulana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye tangu dakika ya kwanza hakuwa ameinua kichwa, akasema, "Mimi nimepata 8.53." Mgeni rasmi akamuuliza kwa kutumia nini. Akainua kijitabu kimechakaa, hakina jalada, kimefungwa na uzi wa gunia. Majedwali. Tanjenti ya digrii 30 ni 0.5774, mara 12 ni 6.93, ongeza 1.6. Watu wakaanza kugeuza futi 28 kwenye simu zao, na zikatoka mita 8.53. Fundi na mlinzi wake, na kijitabu nilichotaka kisomewe dua Morogoro, wamekubaliana mpaka sentimita. Kikokotoo changu kina majibu mawili na yote hayamo.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikashukuru, nikakaa, au tuseme nikajaribu kukaa, diwani alikuwa bado yuko kwenye kiti changu. Mgeni rasmi akahutubia, akasifu ubunifu, akampa yule binti wa kebo zawadi ya seti ya vifaa vya jiometri iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili yangu. Picha ya pamoja ikapigwa chini ya mlingoti; kwenye picha watu wote wanatazama kamera isipokuwa mjumbe wa bodi, anatazama chini. Wakati wa kuondoka yule mama alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo tena Mwalimu. Tuko sawa sasa." Nikamwambia nilimkumbuka tangu aliposhuka kwenye gari. Akasema, "Mwalimu."

Volti alikuwa ameshatuma sauti kabla gari halijafika getini. Mwanangu amesikiliza, kaniandikia neno moja: "Radiani?" Sijamjibu. Mke wangu anasema nisijali, watu watasahau, lakini Jumamosi sokoni alikuwa anapimiwa nyanya, muuzaji akauliza kilo ngapi, akasema, "Mbili, na ziwe juu ya ardhi." Kisha akaniangalia mimi.

Leo Jumatatu nimekwenda kazini mapema, nikasimama nyuma kabisa kwenye paredi. Kiranja akafunga bendera kwenye kamba, wimbo ukaanza, bendera ikapanda taratibu. Shule nzima imenyooka, macho mbele. Ilipofika juu kabisa, mstari wa Kidato cha Nne, mtu mmoja, chini chini, sikumjua ni nani na sitaki kumjua:

"Afadhali. Imechimbuliwa."